Nani Atabaki na Mama Usiku wa Halloween?

Tarehe 31 Oktoba jua huzama Glasgow kabla ya saa kumi na moja jioni. Saa zimekwisha kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya mwezi, hivyo giza linawakuta watoto kabla hawajamaliza kuvua sare za shule. Punde ngazi za maghorofa zinajaa wachawi wa miaka saba, popo wenye mabawa ya mifuko ya taka na mizimu iliyotobolewa macho kwenye shuka kuukuu. Wanagonga milango, wanaimba, wanatega vitendawili, wanaondoka na peremende, machenza na karanga za maganda.

Katika maghorofa hayohayo wamo watoto wasiotoka. Hakuna aliyewakataza. Mama hawezi kusimama bila kushikwa mkono, au baba huanguka kifafa, au mdogo wao ana usonji na kila kengele ya mlango ikilia anajigonga kichwa ukutani. Na mtu pekee nyumbani anayejua dawa ya saa mbili usiku iko kabati lipi ni msichana wa miaka 12. Anazima taa ya sebuleni ili wenzake wadhani hakuna mtu, wasigonge. Kesho yake shuleni swali litakuwa moja tu: wewe ulivaa nini?

Sheria ya Scotland inamtambua msichana huyo. Sheria ya Wahudumu ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Aprili 2018, humwita mhudumu kijana: mtu aliye chini ya miaka 18, au aliyetimiza 18 lakini bado yuko shule, anayemhudumia mwingine bila kuwa ameajiriwa kwa kazi hiyo. Makadirio ya serikali yamekuwa yakitaja vijana wapatao 30,000. Idadi hiyo ni ya kukisia, maana familia nyingi hujificha kwa kuogopa kwamba maofisa wa ustawi wa jamii wakijua, watoto watachukuliwa. Tena wengi wa watoto hao hawajawahi kufikiri kwamba wanachofanya ni kazi. Wanaona ni kuishi na mama tu.

Vipo vikundi vya kuwasaidia, sehemu nyingi za nchi hiyo. Hukutana jioni kwenye ukumbi wa kanisa au kituo cha jamii, na ratiba yao ya mwezi Oktoba huwa na mambo ya kawaida kabisa: usiku wa Halloween, safari ya shamba la maboga, sinema, na kwa wakubwa matembezi ya usiku mjini. Fedha zikipungua, mstari ulio mwepesi kukatwa ni huo. Ushauri nasaha unabaki. Fomu zinabaki, na mikutano ya waratibu haikosi. Usiku wa vinyago unaandikwa burudani, na burudani husubiri mwaka wa neema.

Nauandikia utetezi usiku huo. Kwa mtoto anayeuguza, saa tatu za kucheza akiwa na hakika kwamba nyumbani kuna mtu mzima aliyebaki na mgonjwa ndizo huduma anayoihitaji kuliko kikao chochote cha mazungumzo. Anayezikata saa hizo asidhani amepunguza anasa, kwa maana ameondoa huduma na kuacha karatasi zake.

Wengi wetu Afrika Mashariki tumeijua Halloween kupitia filamu za Kimarekani, tukaiona ni jambo la biashara ya peremende. Asili yake iko kwingine. Waselti wa Ireland na Scotland walikuwa na Samhain, mwisho wa mavuno na mwanzo wa nusu ya mwaka yenye giza, na Ukristo ukaweka mkesha wa Watakatifu Wote siku hizohizo. Robert Burns, mshairi ambaye Waskoti humuenzi kila Januari, alitunga mwaka 1785 shairi refu liitwalo Halloween, lenye vijana wa kijijini wanaong'oa mashina ya kabichi gizani na kuchoma njugu motoni ili watabiri watakayemuoa. Kabla boga halijavuka Atlantiki kuja kuwa pambo la sikukuu, watu walichonga tanipu, zao gumu linalopinda vijiko na kutoa harufu nzito mshumaa unapowashwa ndani yake. Wazee wa huko bado wanaikumbuka harufu hiyo.

Tofauti kubwa na Marekani iko mlangoni. Kule mtoto hutishia: nipe kitu la sivyo nitakufanyia utundu. Scotland wana desturi yao ya guising, ambapo mtoto aliyejibadilisha sura hapati kitu mpaka ametoa kitu. Aimbe, au asome ubeti, au aseme kichekesho, hata kama ni kilekile alichosema mwaka jana. Mwenye nyumba husikiliza mpaka mwisho, hucheka hata pasipochekesha, ndipo huchukua bakuli la karanga.

Hapo ndipo naona thamani ambayo watu wa bajeti hawaioni. Mtoto anayeuguza amezungukwa na watu wa aina mbili, wanaomhurumia na wanaomsifu. Mwalimu anamwambia pole. Muuguzi wa zamu anamwambia, wewe ni shujaa. Jirani analeta sahani ya chakula na kumtazama kwa macho ya msibani. Wote wanampa, na kila wanachompa kinamkumbusha kitanda cha mama. Akisimama kwenye ukumbi wa kikundi chake amevaa kofia ndefu nyeusi na kutega kitendawili, anasikilizwa kwa sababu ya kitendawili. Akipata karanga, amezilipia kwa kipaji chake. Ni mara chache katika mwaka wake ambapo anapokea kitu kisichotokana na ugonjwa wa mtu mwingine.

Michezo ya usiku huo ni ya bei rahisi mno. Beseni la maji na matofaa yanayoelea, mikono nyuma, unatumbukiza uso na kunasa tofaa kwa meno. Skoni zilizopakwa molasi zinaning'inizwa kwa uzi katikati ya chumba, unazila bila kugusa kwa mkono, mpaka mashavu na nywele zinanata. Mtoto anayepima sukari ya mama yake kila asubuhi, anayehesabu vidonge vya wiki na kuvipanga kwenye kiboksi chenye majina ya siku, anapewa ruhusa ya kuchafuka. Nyumbani yeye ndiye anayesafisha. Hapa kuna mtu mzima ameshika taulo anamsubiri.

Kuna wanaoniuliza, kwa nini mambo ya kutisha? Watoto hawa wana hofu ya kutosha. Mwingine anamlilia mzazi ambaye bado yu hai. Kwa nini umning'inizie kiunzi cha mifupa cha plastiki ukutani?

Swali ni zuri na halistahili jibu la haraka. Hofu ya nyumbani kwake haina saa ya kwisha. Analala sikio moja likisikiliza pumzi za baba chumba cha pili, na zikikaa kimya kidogo anaamka. Hofu ya Halloween ni fupi na ina mlango wa kutokea. Mtu anaruka kutoka nyuma ya pazia, unapiga ukelele, moyo unadunda, sekunde tano baadaye unaona ni yule kaka wa kujitolea aliyekubeba kwenye minibasi, na ukumbi mzima unaangua kicheko. Umeogopa pamoja na wenzako, imekwisha, uko salama. Kwa mtoto ambaye hofu yake kila mara humkuta peke yake saa nane za usiku, kuogopa akiwa katikati ya watu thelathini wanaocheka ni jambo jipya.

Hata hivyo kiongozi mwenye busara hawatupi watoto wote kwenye chumba kimoja cha giza. Aliyempoteza mama mwezi Agosti anaambiwa mapema kuna nini ndani: kuna majeneza ya maboksi upande wa kushoto, kuna sauti, kuna moshi. Anaweza kuingia, anaweza kubaki jikoni kupamba biskuti, anaweza kuingia na kutoka mara kumi. Uamuzi ni wake. Nasisitiza uamuzi, kwa kuwa maisha ya nyumbani hayamuulizi. Anayeondoa kila kifaa cha kutisha kwa niaba ya watoto anawafanyia lilelile ambalo ugonjwa umewafanyia, yaani kuwaamulia.

Na tafadhali jioni hiyo isigeuzwe semina. Wafadhili hupenda matokeo yaliyoandikwa, na najua shinikizo wanalopata wanaoendesha vikundi. Wanaambiwa waingize dakika arobaini za mada ya afya ya akili kati ya matofaa na pizza, wagawe dodoso lenye vikatuni vya kununa na kucheka. Watoto hunusa jambo hilo mara moja. Mazungumzo ya kweli yatakuja yenyewe, aghalabu pembeni, watu wawili wakiwa wanachonga boga na kutazama kisu badala ya kutazamana. Msichana atasema bila kuinua macho, mama yangu hakunitambua jana. Mwenzake aliye na baba mwenye ugonjwa uleule atamjibu, wangu pia, kesho yake alinitambua. Hakuna mtaalamu aliyefunzwa chuoni ambaye angempa maneno hayo kwa uzito ule, kwa kuwa hayatoki katika kitabu. Ili maneno hayo yapatikane, lazima kwanza kuwe na boga na kisu, na watu wawili wenye muda.

Simu pia. Vilabu vingi vya vijana hukusanya simu mlangoni, na kwa vijana wengine ni sawa. Kwa hawa ni ukatili. Mtoto ambaye simu yake imefungiwa kwenye droo hachezi, anahesabu dakika. Mwachie aiweke mfukoni. Ataitazama kila dakika tano katika saa ya kwanza, kila nusu saa katika ya pili, na ikifika wakati amesahau iko wapi, kikundi kimefanya kazi yake.

Lakini atasahau tu ikiwa swali moja limejibiwa kabla hajatoka nyumbani, nalo ndilo nililoliweka juu ya makala haya. Nani atabaki na mama?

Hapa ndipo mipango mingi mizuri huvunjika. Kikundi kinakodi minibasi, kinanunua maboga, kinatuma mwaliko wenye picha ya popo, halafu kati ya watoto kumi na wanane waliojiandikisha wanafika saba. Waliokosekana ni wale hasa waliokuwa wanahitaji zaidi. Hawakukosa nia. Shangazi aliyeahidi kukaa na mgonjwa alipangiwa zamu, au mfanyakazi wa huduma za nyumbani hufika saa moja na kuondoka saa moja na robo, au mama mwenyewe alisema nenda mwanangu, nitakuwa sawa, kwa sauti ambayo mtoto aliielewa vingine. Akabaki. Bajeti ya sherehe ilikuwa na pizza na haikuwa na mtu wa kubaki nyumbani.

Ningekuwa na mamlaka juu ya fedha hizo, ningeanza na mtu huyo. Mtu mzima aliyefunzwa, anayefahamika kwa mgonjwa kwa kuwa amewahi kufika mara mbili kabla, anayelipwa kwa saa nne. Peremende zitapatikana. Duka la jirani litatoa maboga yasiyouzwa, kanisa litatoa ukumbi, akina bibi watashona majoho. Karibu kila kitu cha Halloween kinaweza kuchangwa isipokuwa usalama wa mgonjwa, kwa sababu huo haujengwi kwa kujitolea kwa dakika za mwisho. Wanaotaka kuchangia vikundi hivi wangeuliza gharama ya saa hizo nne kabla hawajanunua mfuko mwingine wa pipi.

Usafiri una habari njema kidogo. Tangu tarehe 31 Januari 2022 kila mkazi wa Scotland aliye chini ya miaka 22 hupanda basi bure akiwa na kadi yake, watoto wa chini ya miaka mitano wakiwa hawahitaji nauli tangu awali. Kwa kijana wa Glasgow au Dundee hilo limefungua dunia. Anaweza kufika mji wa Paisley kwenye tamasha kubwa la Halloween bila kumwomba mama pauni moja. Kwa kijana wa kijiji cha nyanda za juu, basi la bure lisilopita baada ya saa kumi na mbili jioni halimsaidii. Kwake minibasi ya kikundi inabaki njia pekee, na dereva atakayemshusha mlangoni, si kituoni. Lipo pia suala la usalama wa njiani: usiku wa Halloween wa mwaka 2022 mtaa wa Kirkton huko Dundee uliingia katika vurugu za vijana, moto ukawashwa barabarani na shule ikaharibiwa. Mzazi anayeweza kutembea humfuata mwanawe kwa mbali usiku kama huo. Mzazi aliye kitandani hawezi, kwa hiyo anasema hapana, na hapana hiyo ni ya busara mpaka atokee mtu wa kumwambia nitamrudisha mwenyewe.

Sheria, kwa upande wake, imeshazungumza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unatambua haki ya mtoto kupumzika, kucheza na kushiriki maisha ya utamaduni. Karibu nchi zote za dunia zimeuridhia na nyingi zimeuweka kwenye rafu. Scotland iliuingiza katika sheria yake yenyewe, ya kwanza kufanya hivyo katika Ufalme wa Muungano, na tangu tarehe 16 Julai 2024 taasisi za umma zinapaswa kuufuata zinapotekeleza majukumu yatokanayo na sheria za Bunge la Scotland. Mwaka 2025 bunge hilohilo likapitisha sheria nyingine inayoweka haki ya mapumziko kwa wanaohudumia ndugu zao. Kabla ya hapo, mwaka 2019, ilianzishwa ruzuku ya wahudumu vijana, pauni 300 kwa mwaka wakati wa kuanza, kwa wenye umri wa miaka 16 hadi 18 wanaohudumia wastani wa saa 16 kwa wiki. Upo pia Mfuko wa Mapumziko Mafupi unaosimamiwa na shirika la Shared Care Scotland tangu 2010, ambao vikundi huuomba fedha za safari na siku za michezo.

Kwa hiyo diwani anayesema sherehe za vijana ni hisani tunayotoa tukijaliwa amepitwa na sheria ya nchi yake. Kucheza kumeandikwa. Kilichobaki ni kutafsiri maandishi hayo kuwa dereva, taulo na mtu wa kubaki na mama, na hilo ndilo serikali za mitaa zinalolikwepa kwa kisingizio cha uhaba.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito zaidi, na nawaheshimu. Wanasema mtoto hapaswi kuwa muuguzi kabisa. Kila pauni inayonunua boga ingelipa mtu mzima aje kumwogesha mama, na kumpeleka mtoto kwenye sherehe ni kumfuta jasho kisha kumrudisha kwenye mzigo uleule. Wanasema sherehe zinawapa wanasiasa picha za kutabasamu nazo huku huduma za wagonjwa majumbani zikipunguzwa.

Wana haki katika nusu ya kwanza. Tiba ya msingi ni huduma ya uhakika kwa mzazi, na kikundi chochote kinachoacha kuipigania kimepoteza dira. Lakini msichana wa miaka 12 atakuwa na miaka 12 mwaka huu tu. Mageuzi ya huduma za jamii yanajadiliwa kwa vipindi vya bunge. Utoto wake hausubiri kura ya wabunge. Apewe vyote viwili. Na kuhusu picha, nakubaliana nao kabisa: zipigwe marufuku. Mtoto aliyekuja kwa siri, ambaye darasani hakuna anayejua hali ya nyumbani kwao, asikutwe kwenye ukurasa wa Facebook wa halmashauri, akiwa amevaa kofia ya kichawi, chini ya maandishi yanayomtaja kuwa mhudumu kijana. Mbunge akitaka kuonekana, na aje abebe meza.

Sasa niseme na jamaa zetu walioko Scotland, kwa kuwa habari hii inawahusu zaidi kuliko wanavyodhani. Glasgow ilianza kupokea waomba hifadhi kwa wingi mwaka 2000, baada ya sheria ya Uingereza ya 1999 kuwatawanya nje ya London, na Wakongo walikuwa miongoni mwao. Mwaka 2007 familia za wakimbizi wa Kongo zilipokelewa Motherwell, North Lanarkshire, chini ya mpango wa serikali wa kuwapa makazi wakimbizi. Kiswahili kinasikika kwenye maduka ya huko, kanisani na kwenye vyumba vya kusubiri daktari. Na mara nyingi sana kwenye vyumba hivyo, anayemweleza daktari maumivu ya mama kwa Kiingereza ni mtoto wa darasa la sita.

Katika familia zetu mtoto anayeuguza hupata sifa. Ni mtoto mwema, ana radhi za wazazi, atabarikiwa. Sifa hizo ni za kweli na sitaki kuzifuta. Kumtunza mzazi ni heshima ambayo jamii nyingi za Ulaya zimeipoteza na kuijutia. Miaka ile UKIMWI ulipopita vijijini Kagera na Nyanza kabla ya dawa, ni watoto waliowanywesha uji mama zao na kuwafumba macho. Tuliwasifu, tukawapa pole, na wachache kati yetu tuliwauliza kama wamecheza mwaka huo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Najua kikwazo kingine. Mama Mkongo au baba Mtanzania akisikia Halloween husema mwanangu havai uchawi. Wafanyakazi wa vikundi wasicheke wala wasihesabu hilo ni ushamba. Kinshasa watoto wamefukuzwa majumbani na kuachwa mitaani kwa kuitwa wachawi. Shinyanga na Mwanza bibi wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyoungua kwa moshi wa kuni. Mtu aliyetoka huko haoni kofia ndefu kuwa kofia tu. Na Waskoti wenyewe, wakikumbuka vizuri, wana deni lilelile: sheria yao dhidi ya uchawi ilidumu tangu 1563 hadi 1736, maelfu walishtakiwa, wengi wao wanawake, na huko Paisley ambako leo watu hucheza barabarani, hukumu ya mwaka 1697 ilianza kwa madai ya msichana wa miaka 11. Tarehe 8 Machi 2022 Nicola Sturgeon, aliyekuwa Waziri Kiongozi, aliomba radhi rasmi kwa niaba ya serikali.

Kwa hiyo msikilizeni mzazi huyo, kisha mpeni njia. Makanisa mengi ya Uingereza huandaa sherehe za nuru usiku huohuo, zenye michezo na peremende bila vinyago vya kutisha. Kikundi kinaweza kumwalika mtoto avae simba, mwanaanga au mchezaji wa mpira. Familia ya Kiislamu isiyotaka sikukuu hiyo kabisa ipewe safari ya shamba la maboga wiki moja kabla, wakati wa mchana, isiyo na jina la sikukuu. Wafanyakazi wakikosa kubuni njia hizi, mtoto mwenye mzigo mkubwa kuliko wote, yule anayeuguza na kutafsiri kwa pamoja, ndiye atakayebaki nyumbani, na hapo kikundi kitakuwa kimewahudumia waliokuwa rahisi kuhudumiwa.

Kwa wazazi: kama unaishi Motherwell, Glasgow, Aberdeen au kwingineko Scotland, na mwanao ndiye anayekuvalisha, anayekukumbusha dawa au anayesema na daktari kwa niaba yako, mwambie mwalimu wake. Hutanyang'anywa mtoto kwa kuwa mgonjwa. Ana haki ya kuandikiwa taarifa ya mhudumu kijana, inayoeleza anachofanya na msaada anaouhitaji, na humo iandikwe wazi kwamba anataka kutoka na wenzake, siku gani, na nani atakaa nawe. Ukienda hospitali omba mkalimani wa Kiswahili; huduma ya afya ya umma inamtoa bila malipo, na kazi hiyo si ya mwanao. Uliza ni kikundi gani cha wahudumu vijana kilicho karibu, na uulize mapema, Septemba ikianza, kwa kuwa nafasi za Oktoba hujaa haraka.